Mama hataki mpira wa mzee ufunguliwe, fundi naye anataka kukata boksi

Mjomba, habari ya siku nyingi.

Mimi ni kijana wa miaka 34, nakaa upande wa Chemelil, nimeoa na nina watoto wawili. Nauza dawa za mifugo, nachukua mzigo Kisumu napitia Ahero na Awasi, nikifika nyumbani napanga, halafu napandisha mpaka Nandi Hills kwa wafugaji, kwa hivyo pikipiki kwangu si starehe, ni kazi.

Marehemu baba alikuwa afisa wa kilimo na alituachia Yamaha DT 175, zile za tu-stroki za zamani (zinazochoma oili pamoja na petroli), alinunua ikiwa imeshatumika. Hiyo pikipiki ndo ilitulea. Nakumbuka nikiwa mdogo nimekaa juu ya tangi, nyuma amefunga mifuko miwili ya mbolea, na tunapanda ule mlima wa Nandi bila kusimama. Baba amefariki miaka mitatu sasa na muda wote huo pikipiki ilikaa kwa stoo na kuku. Mwezi wa tatu mwaka huu pikipiki yangu ya kazi iliibiwa, nikamwomba mama nitoe ya mzee. Alikubali lakini akasema kitu kimoja tu, usifungue pale baba yako alifunga.

Pale ni hivi mjomba. Katikati ya kabureta na silinda kuna mpira mweusi unaunganisha. Baba aliuzungushia raba ya tyubu, amezungusha mara nyingi kama bandeji, halafu juu akakaza na waya. Mama anasema ilikuwa usiku wa 1998, dada yangu alikuwa mgonjwa sana, pikipiki ikakataa kwenda, mzee akaifunga hivyo huku mama amemshikia tochi, wakafika hospitali na dada akapona. Kwa hivyo kwa mama hiyo si raba tu.

Sasa shida. Pikipiki haivuti. Naipiga kiki nne au tano ndo iwake, ikisimama peke yake mlio unapanda unashuka, na nikiwa na mzigo wa kilo 60 naenda na gia ya pili mlima wote mpaka watu wa boda wananipita wakiwa na abiria wawili. Nikaipeleka kwa fundi mmoja Kondele. Akatoa kifuniko cha boksi ya filta tu, mjomba, pikipiki ikawa nyingine! Akaniambia shida ni pua, ati hizi zilitengenezwa zipumue kidogo ili zisichoke. Anataka kukata ile boksi atupe, aweke filta ya koni inayovaliwa moja kwa moja kwa kabureta, atoe kabureta yangu (alipima tundu lake na kalipa ikasoma milimita 24) aweke ya 30, halafu apige file mdomo wa silinda na akate vile vyuma vinavyozuia ridi zisifunguke sana. Kila kitu 18,000. Nimeshampa 5,000.

Niliporudi nyumbani kifuniko kikiwa wazi mama alitoka jikoni na mwiko mkononi, akasikiliza, akasema hiyo si pikipiki ya baba yenu. Akarudi ndani na hajanisemesha vizuri siku mbili. Kaka yangu mkubwa yuko Nairobi, yeye anasema tuuze tu, kuna mtu wa Nakuru anayekusanya pikipiki za zamani, ametaja 120,000 lakini kama haijakatwa mahali popote. Na juzi nikitoka Ahero kwenye ile tambarare nimefungua mafuta yote, ilikuwa inaimba vizuri kabisa halafu ikakosa nguvu ghafla, gurudumu la nyuma likashika kidogo halafu likaachia, nikasimama nikapumzika dakika kumi ikawaka tena. Fundi anasema ni kuzoea tu.

Wiki ijayo mama anaenda Kakamega kwa dada, yule yule wa 1998. Nimefikiria kazi ifanyike akiwa huko, akirudi atakuta imeisha. Je, nitakuwa nimemkosea? Ama nimwachie kaka auze? Nishauri mjomba, nalala vibaya.

Mpwa asiyejua ashike lipi

Mjomba anajibu:

Mpwa wangu, asante kwa kuniandikia, na pole kwa pikipiki iliyoibiwa, na pole tena kwa mzee. Nimesoma barua yako mara tatu. Unaniuliza kuhusu mama, kaka na fundi, lakini kabla ya hao wote kuna mstari umeupitia haraka kama si kitu, nao umenitia wasiwasi. Ile siku ya Ahero gurudumu lilishika halafu likaachia. Huko si kuzoea. Hiyo ni pistoni imepata joto, ikavimba, ikashika kwenye ukuta wa silinda, ikaachia ilipopoa. Umepewa onyo bure. Siku nyingine inaweza kushika ikakataa kuachia na wewe uko 80 na lori la miwa liko nyuma yako. Tafadhali rudisha hicho kifuniko leo, na hata ukishakirudisha usifungue mafuta yote kwenye ile tambarare mpaka ujue hewa inaingilia wapi. Ukiisikia inakosa nguvu ghafla vuta klachi hapo hapo. Hayo mengine tuyaongee taratibu.

Ulivyoniambia, nakuona umekaa katikati ya watu wanne. Fundi anasema injini ilizaliwa na pua ndogo. Mama anasema usiguse. Kaka anasema uza. Na wewe unataka kufika Nandi Hills na mzigo wako jioni urudi kwa watoto. Hakuna hata mmoja wenu anayetaka kitu kibaya. Lakini mpwa, hiyo ya pua ndogo umeikubali haraka, na wewe mwenyewe umenipa ushahidi wa kuipinga. Mifuko miwili ya mbolea, mtoto juu ya tangi, mlima ule ule, bila kusimama. Pua ilikuwa ni hiyo hiyo. Kwa hivyo swali langu si jinsi ya kuipanua, ni kitu gani kimeiziba ama kuitoboa tangu wakati huo.

Wacha nikueleze njia ya hewa vile mimi naijua, ndo ukikaa na fundi muongee mkiwa sawa. Hewa inaingia kwenye mdomo wa boksi, inapita kwenye filta ya sponji, inatulia ndani ya boksi, inavutwa na kabureta ambapo inachukua petroli, inapita ule mpira aliofunga mzee, inafika kwenye ridi. Ridi ni vimabati vyembamba kama vile vya ndani ya kinanda cha mdomo. Pistoni ikipanda, chini kwenye krenki, yaani chumba kilicho chini ya pistoni, kunakuwa na mvuto, vimabati vinafunguka mchanganyiko unaingia, pistoni ikishuka vinajifunga ili ulichokivuta kisirudi nje. Yamaha walizileta hizo ridi kwenye tu-stroki zao mwaka 1972, na walizileta makusudi kwa ajili ya nguvu ya chini, ile ya kupanda polepole na mzigo. Yaani kazi yako kabisa. Vile vyuma fundi anataka kukata ndivyo vinazuia vimabati visipinde kupita kiasi. Ukivikata, kimabati kinachoka, kinapasuka ncha, na ile ncha ya chuma haiendi kwingine ila ndani ya injini.

Sasa angalia dalili zako. Mlio unaopanda na kushuka ikisimama, hiyo mara nyingi ni hewa ya wizi, hewa inayoingia baada ya kabureta bila kuchukua petroli. Na kutoa kifuniko ikawa pikipiki nyingine, mimi hapo sisikii kwamba boksi ni mbaya, nasikia kwamba boksi imeziba. Miaka mitatu kwa stoo na kuku! Toa filta uone kama ile sponji bado ni sponji ama imekuwa unga. Ingiza kidole kwenye mdomo wa boksi. Wale nyigu wanaojenga kwa matope wanapenda matundu kama hayo kuliko kitu chochote, nimeshawahi kutoa kwenye boksi moja nyumba ya matope ya ukubwa wa yai, na mwenye pikipiki alikuwa ameshabadilisha plagi tatu.

Ukiniuliza ninachoshuku, ni makosa mawili yanayofichana. Boksi iliyoziba inafanya petroli izidi. Mpira unaovuja unafanya hewa izidi. Yakiwa pamoja pikipiki inatembea kinyonge lakini haiungui. Fundi alipofungua kifuniko aliondoa kosa moja, hilo lingine likabaki peke yake, ndo ukaona raha mlimani na ndo ikakushika Ahero. Na mwinuko nao umechangia kukudanganya. Nyumbani kwako ni kama mita 1,200 juu ya bahari, Nandi Hills ni karibu mita 2,000. Ukilinganisha na pwani, kwako hewa imepungua uzito kama asilimia 11, kule juu kama 18. Hewa ikiwa nyepesi petroli ndo inaonekana nyingi, kwa hivyo kuongeza hewa kule juu kunanoga, halafu unashuka tambarare ya Kano ambako hewa ni nzito, unafungua mafuta yote, na mchanganyiko unabaki mkavu, yaani hewa nyingi petroli kidogo. Kwa tu-stroki mchanganyiko mkavu ni moto.

Kuhakikisha si kazi ngumu. Chukua maji ya sabuni kwenye chupa ya kunyunyiza, washa injini isimame yenyewe, nyunyiza kidogo kidogo kuzunguka ile bandeji ya mzee na pale mpira unapokutana na silinda. Mlio ukibadilika hapo, umeshika mwizi. (Kuna watu wanarushia petroli kufanya hiyo tesiti, wewe usithubutu, silinda ina joto.) Usipobadilika usishangilie bado, kuna sili za krenki pia, za pembeni, zikizeeka zinavuta hewa kwa njia hiyo hiyo na hutaziona kwa macho. Na ekzosti ya tu-stroki inajaa masizi mpaka haipumui, hiyo nayo mwambie fundi aiangalie kabla hajagusa upande wa kuingiza hewa.

Turudi kwa mpango wa fundi, maana sitaki uone kama namdharau. Wako watu wanafanya hivyo na pikipiki zinakimbia. Lakini ukigusa kitu kimoja kwenye hiyo njia, vingine vyote vinataka kupimwa upya. Filta ya koni bila kubadilisha jeti, kale kashaba kenye tundu ndani ya kabureta kanakopima petroli, ni kurudia Ahero. Kabureta ya 30 nayo, tundu la 24 lina eneo la milimita mraba 450 hivi, la 30 lina kama 700, hewa ile ile ikipita kwenye mlango mkubwa inapita polepole, na petroli inapandishwa na mbio ya hiyo hewa. Mwendo wa chini, gia ya pili, kilo 60 nyuma, hapo kabureta kubwa inakohoa, inaanza kuamka injini ikizunguka sana, na wewe hukuniambia unashindana mbio. Filta ya koni ikae wazi pembeni na mvua zetu hizi za saa tisa, na vumbi la barabara za miwa, sijui utaiosha mara ngapi kwa wiki.

Kuna kitu kingine ambacho fundi hajakitaja na mimi ningemuuliza mbele ya kila kitu. Oili. Hizi Yamaha zina pampu yake ya oili, hiyo mbinu waliianza 1964, na waya wa mafuta unagawanyika, mmoja unaenda kwa kabureta mwingine kwa pampu, ukifungua mafuta na oili inaongezeka. Kabureta ya kigeni inavuta waya kwa kipimo chake, pampu inabaki nyuma. Na angalia kale kamrija ka oili kanaingilia wapi, kama kameingia kwenye kabureta yenyewe na hiyo mpya haina tundu lake, oili itapitia wapi? Fundi akikujibu hilo vizuri bila kukasirika, utakuwa umejua ni fundi wa aina gani. Na ile 5,000 si lazima ipotee, inaweza kuwa malipo ya kusafisha na kupima.

Kwa hivyo naona kama una njia kadhaa. Unaweza kuosha boksi, uweke sponji mpya iliyopakwa oili kidogo, utafute mpira mpya wa kabureta (pima umbali wa matundu ya bolti, wakati mwingine wa pikipiki nyingine unaingia), ukague ridi dhidi ya mwanga, kisha utembee uone. Hatari yake ni bandeji ya mzee kufunguliwa, na huenda ukafika mwisho ukapata nguvu ile ile aliyokuwa nayo baba yako, isizidi. Unaweza ukaenda hatua moja mbele ubaki na boksi lakini ucheze na jeti, ukiangalia rangi ya plagi, kahawia kama chai ya maziwa ni sawa, nyeupe kavu ni hatari, nyeusi ya mafuta ni petroli imezidi. Hapo kumbuka kuchagua jeti kwa ajili ya mahali pa chini kabisa unapofungua mafuta yote, yaani Kano, hata kama kule Nandi petroli itazidi kidogo. Unaweza kufanya ya fundi yote. Lakini jeti unaweza kuirudisha, kabureta unaweza kuirudisha, boksi iliyokatwa na mdomo wa silinda uliopigwa file havirudi, na siku hiyo huyo mtu wa Nakuru anaondoka na 120,000 zake. Mlango wa kaka nao unaufunga, hata kama leo hutaki kuupitia. Na unaweza kuiuza na ununue ya kazi ambayo spea zake zipo kila kona, hilo nalo si dhambi, ila mama atabaki anatazama stoo tupu na wewe ndo utakaa naye, si kaka wa Nairobi. Ama utafute ya kazi kwa mkopo mdogo na hii ibaki ya Jumapili. Sijui mfuko wako, wewe ndo unaujua.

Sasa mama. Umeandika kana kwamba anazuia kwa sababu ya huzuni peke yake. Huenda. Lakini mpwa, yule mama alitoka jikoni na mwiko, akasikia mlio, akajua kitu kimebadilika. Aliyetoa mlio ni kile kifuniko, boksi ndo inanyamazisha ule mvuto wa hewa, na yeye amesikia kwa sikio kwamba kuna kitu hakiko sawa, wakati fundi wako hata baada ya Ahero anasema ni kuzoea tu. Yaani kati yenu wote yeye ndo alikuwa wa kwanza kusema injini hii haiko sawa. Mimi ningemsikiliza kama mtu anayejua pikipiki hiyo.

Ndo maana ile ya Kakamega inanisumbua. Si kwamba hataona. Atasikia kabla hujafika getini. Na atakuwa anatoka kwa yule binti, wameketi pamoja siku kadhaa, usiniambie ule usiku hautatajwa. Sisemi ukimwambia atakubali. Anaweza kukataa kabisa, na utalazimika kuamua kama unaishi na hiyo hapana ama unatafuta pikipiki nyingine, na zote mbili zinauma. Lakini kukataliwa na mama usoni na kumfanyia akiwa hayupo, naona kama ni mizigo miwili tofauti, na wewe tayari hulali vizuri kabla hata hujafanya.

Tena fikiria hivi. Mzee hakufunga ile raba ili ikae miaka yote hiyo. Alifunga ili ifike hospitali. Sijui kama aliwahi kumwambia mama atabadilisha akipata spea, ama alisema iache hivyo hivyo. Mama anajua. Na chini ya hiyo bandeji kuna mpira uliopasuka mahali fulani, na duniani amebaki mtu mmoja tu aliyeuona ukipasuka.

Kwa hivyo kabla hajapanda gari la Kakamega, mpelekee chai pale stoo, ukae naye karibu na pikipiki, na umuulize usiku ule tochi aliimulika wapi, upande wa kabureta ama upande wa silinda.